Ibn al-Nafis: Faqihi wa Kishafii aliyeifuata damu hadi mapafuni

KATIKA mihadhara yetu, hasa unapoingia Mfungo Sita na Maulid yakaanza, jina la Ibn al-Nafis halikosi kutajwa. Mhadhiri hulipanga pamoja na majina ya Ibn Sina na al-Razi, akasema huyu ndiye aliyegundua mzunguko wa damu kabla ya Wazungu, watu wakatoa takbiri, na mhadhara ukaendelea. Mtu mwenyewe habaki kichwani mwa msikilizaji. Hatuambiwi alisoma wapi, alimpinga nani, aligundua nini hasa na nini hakugundua. Mimi naona ndani ya maisha yake kuna jambo linalotugusa sisi wenye kufundisha madrasa kuliko hiyo takbiri, na ndiyo sababu ya makala hii.

Jina lake ni Alaa al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi. Alizaliwa karibu na Damascus, nchi ya Sham, mwanzoni mwa karne ya 13 Miladia. Wapo wanaosema mwaka 1210 na wapo wanaosema 1213. Tiba aliisoma katika Bimaristan Nuri, hospitali iliyojengwa Damascus na Sultan Nur al-Din Zangi mwaka 1154, ambayo jengo lake limedumu mpaka zama zetu. Mwalimu wake alikuwa Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar, tabibu mkubwa wa Sham aliyefariki mwaka 1230. Kwa hiyo kijana huyu aliingia katika fani hiyo akiwa na umri mdogo sana. Katika wanafunzi wa al-Dakhwar alikuwamo pia Ibn Abi Usaybia, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri cha wasifu wa matabibu. Humo aliwataja mamia ya watu, lakini Ibn al-Nafis hakumwandikia wasifu. Wasomi wamebishana juu ya sababu yake. Husuda baina ya watu wa fani moja haikuanza leo.

Ili tuuelewe uzito wa alilofanya, lazima kwanza tujue watu walikuwa wakiamini nini. Kwa zaidi ya miaka elfu moja dunia ya tiba ilikuwa chini ya Jalinus, yule tabibu wa Kiyunani ambaye Wazungu humwita Galen, aliyeishi katika karne ya pili. Sisi wa Mwaya, huku Kyela ukingoni mwa Ziwa Nyasa, tuna mfano mwepesi wa kuielewa nadharia yake, nao ni majaruba ya mpunga. Maji yakishaingia katika jaruba hayarudi mtoni. Mpunga unakunywa, ardhi inakunywa, na ukitaka jaruba libaki na maji huna budi kuingiza mengine. Jalinus aliiona damu hivyo hivyo. Ini hutengeneza damu kutokana na chakula, mishipa huipeleka kwenye viungo, viungo huinywa ikaisha, na ini hutengeneza nyingine. Sehemu ndogo ya damu hiyo, alisema, huingia chumba cha kulia cha moyo, kisha hupenya ukuta wa katikati kwa kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho mpaka chumba cha kushoto. Huko ilichanganyika na hewa, ikapatikana ile waliyoiita roho ya uhai.

Nadharia hii aliipokea Ibn Sina, akaitia katika al-Qanun, kitabu kilichosomwa na kila mwanafunzi wa tiba kuanzia Bukhara hadi Andalus. Mwenye kutaka kubishana nayo alikuwa anabishana na Jalinus na Ibn Sina kwa pamoja.

Ibn al-Nafis alibishana nayo. Kufikia mwaka 640 Hijria, yaani 1242, naye hajatimiza miaka 35, alikuwa ameandika sharhe ya sehemu za anatomia za al-Qanun, iitwayo Sharh Tashrih al-Qanun. Ndugu msomaji unajua sharhe zetu zilivyo. Mara nyingi mwenye kusherehesha humfuata mwenye matini kama maamuma anavyomfuata imamu. Huyu alifika mahali pa moyo akasimama. Alieleza kuwa ukuta ulio baina ya vyumba viwili ni mnene, hauna vitundu vya kuonekana wala visivyoonekana, na kwa hiyo damu haiwezi kupita hapo. Sasa kama damu inafika kushoto, na kwa hakika inafika, lazima iwe na njia nyingine. Njia hiyo akasema ni mapafu. Damu hutoka chumba cha kulia, hupanda kwa mshipa mpaka mapafuni, hutawanyika ndani ya nyama ya mapafu, huchanganyika na hewa, kisha hukusanywa na mshipa mwingine na kurudishwa chumba cha kushoto.

Aliongeza kuwa baina ya mshipa upelekao damu mapafuni na ule uirudishao kuna matundu yanayoviunganisha, ambayo jicho haliyaoni. Utasema naye amerudi kwenye vitundu vile vile vya Jalinus! Hapana, na tofauti yake ni kubwa. Vitundu vya Jalinus havikupatikana na havitapatikana. Vya Ibn al-Nafis aliviona Mtaliano Marcello Malpighi mwaka 1661, kwa hadubini, katika mapafu ya chura. Ndiyo mishipa ile myembamba kupita unywele ambayo mwanafunzi wa sekondari huichora leo katika daftari la baiolojia.

Ndani ya sharhe hiyo hiyo mna masahihisho mengine mawili. Ibn Sina aliupa moyo vyumba vitatu, Ibn al-Nafis akasema ni viwili. Leo tunahesabu vinne kwa kuwa tunaviingiza na vile viwili vidogo vya juu, lakini kile cha tatu alichokikanusha hakipo. La pili ni kubwa zaidi, nalo halitajwi mimbarini hata siku moja. Moyo ni msuli, na msuli unataka chakula. Iliaminika kuwa moyo hujilisha kwa damu iliyomo vyumbani mwake, kama mpishi anayeonja sufuria. Yeye akasema sivyo. Moyo hulishwa na mishipa iliyotandazwa ndani ya nyama yake wenyewe. Mishipa hiyo ndiyo ikiziba mtu hushika kifua na kuanguka, tukasema amepata shambulio la moyo. Ndiyo hiyo hiyo inayochunguzwa na kuzibuliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako mgonjwa wa huku Kyela anafika baada ya safari ndefu ya kukata nchi kutoka kona hii ya kusini magharibi hadi pwani.

Hapa naomba tuwe waadilifu. Ibn al-Nafis hakugundua mzunguko wote wa damu mwilini. Alieleza njia ya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kupitia mapafu, na kwa mengine aliendelea kuamini kuwa damu hutengenezwa na ini. Mzunguko mzima, kwamba damu ile ile huenda mwili mzima na kurudi moyoni, ulithibitishwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628. Njia ya mapafuni nayo iliandikwa Ulaya mwaka 1553 na Michael Servetus, aliyechomwa moto Geneva mwaka huo huo kwa kuukanusha utatu, na mwaka 1559 na Realdo Colombo. Je, walimwibia Ibn al-Nafis? Tunalojua ni kwamba Andrea Alpago, tabibu Mtaliano aliyekaa Damascus miaka mingi, alitafsiri sehemu ya kazi zake kwa Kilatini, ikapigwa chapa Venice mwaka 1547. Inatia shaka, lakini shaka si ushahidi. Kadhi hatoi hukumu ya wizi kwa sababu tu mtuhumiwa alionekana jirani na nyumba. Haki ya Ibn al-Nafis ya kutangulia kwa miaka mia tatu inatosha bila kuongezewa kesi.

Wengine huuliza alijuaje haya bila kupasua maiti. Mwenyewe ameandika mwanzoni mwa kitabu kuwa sheria na huruma vilimzuia kufanya upasuaji huo, na kwamba angetegemea waliotangulia na kuyapima maneno yao. Wapo watafiti wasioamini, wanaosema mtu hawezi kuuzungumzia unene wa ukuta ule kwa uhakika kiasi hicho bila kuushika. Kwangu mimi, hata tukichukua maneno yake kama yalivyo, kazi aliyofanya inajulikana vizuri kwa aliyesoma usul al-fiqh. Ni kuitafuta illa, kuijaribu, na kuiacha kauli ya mkubwa pindi dalili inapoipinga.

Na fiqhi aliisoma kweli. Baada ya kuhamia Cairo alifundisha fiqhi ya Kishafii katika madrasa ya Masruriyya na akaandika sharhe ya al-Tanbih ya Abu Ishaq al-Shirazi. Taj al-Din al-Subki amemtia katika Tabaqat yake kubwa miongoni mwa wanazuoni wa madhehebu haya tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki. Aliandika pia juu ya elimu ya hadithi, na kisa cha kubuni, al-Risala al-Kamiliyya, juu ya mtu aliyekulia peke yake kisiwani akaifikia kwa akili haja ya kuwepo Mitume.

Aliishi zama moja na Imam al-Nawawi, aliyekuja kusoma Damascus mwaka 1251, mwenye Minhaj inayosomeshwa toka Lamu hadi Unguja. Imepokewa kuwa Imam al-Nawawi naye aliwahi kutaka kusoma tiba, akanunua al-Qanun, moyo wake ukaingia giza siku kadhaa asiweze kufanya lolote, mpaka alipokiuza kitabu ndipo nuru ikarejea. Kisa hiki nimekisikia kikitumiwa kuwakatisha tamaa vijana wanaotaka masomo ya sayansi. Wanaokitumia hivyo wanasahau kwamba katika zama hizo hizo, Mshafii mwingine wa Sham alikaa na kitabu hicho hicho maisha yake yote, akakisahihisha, na akasomesha fiqhi. Kila mmoja alifunguliwa mlango wake, na Allah (SW) awarehemu wote wawili.

Huko Cairo akawa mkuu wa matabibu na tabibu wa Sultan Baybars. Wasifu unamtaja kuwa mrefu, mwembamba, asiyeoa. Hakuwa akiandika dawa pale chakula kilipotosha, wala dawa ya mchanganyiko pale ya kitu kimoja ilipotosha. Alipotaka kuandika aliwekewa kalamu nyingi zilizokwisha chongwa, akageukia ukuta, akaandika kutoka kichwani bila kurejea kitabu. Inasimuliwa kuwa siku moja akiwa hamamu alitoka katikati ya kuoga, akaomba wino na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa hadi akaimaliza, kisha akarudi kumalizia kuoga. Kamusi yake kubwa ya tiba, al-Shamil, aliikusudia iwe juzuu 300, akawahi kusafisha 80.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 21 Mfungo Pili mwaka 687 Hijria, sawa na Desemba 17, 1288. Katika maradhi hayo ya mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe kidogo katika mvinyo kama dawa, akakataa kukutana na Mola wake ikiwa tumboni. Nyumba yake iliyosakafiwa marumaru, na vitabu vyake, aliviweka wakfu kwa Bimaristan Mansuri, hospitali aliyoijenga Sultan Qalawun mwaka 1284. Sisi mtu akifa tunagombea kiwanja hadi mahakamani. Wakfu wa zahanati au wa maktaba ya tiba unaujua wapi?

Sasa nifike kwenye jambo nililolikusudia. Katika vitabu vyake vyote, kilichopendwa kuliko vingine ni Mujaz al-Qanun, ufupisho. Kilikuwa chepesi, kinabebeka, kinahifadhika. Kilisomeshwa karne kwa karne, kikaandikiwa sharhe juu ya sharhe, na kufika hadi India. Lakini Mujaz umeacha sehemu ya anatomia. Maana yake, maelfu ya wanafunzi waliohifadhi ufupisho wa Ibn al-Nafis neno kwa neno hawakukutana na neno lake kubwa kuliko yote. Walikuwepo wachache katika karne ya 14, kama al-Kazaruni, walioigusa kauli yake juu ya mapafu, kisha ikazama. Wala haikufichwa na Mzungu. Ilikuwa rafuni mwetu, katika kitabu kinene tulichoona hakina haja maadamu mukhtasari upo.

Aliyeiibua ni kijana wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisomea udaktari Freiburg, Ujerumani. Mwaka 1924 aliandika tasnifu yake juu ya nakala ya mkono ya Sharh Tashrih al-Qanun aliyoikuta katika maktaba ya Berlin, na Max Meyerhof, daktari wa macho wa Kijerumani aliyeishi Cairo, ndiye aliyeitangazia dunia habari hiyo. Wakati huo Mujaz ulikwisha pigwa chapa India tangu karne ya 19. Sharhe yenyewe ilikuja kuchapwa Cairo mwaka 1988, miaka 700 tangu mwandishi wake afariki.