Sheikh Al-Amin Mazrui: mwalimu aliyeshika kalamu

Msikilizaji, watu wengi wanamjua Profesa Ali Mazrui. Wachache wanamjua babake. Hata mimi nilimjua mtoto kwanza.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, aliyekuwa mwanachuoni, alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka bahari kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir.

Wakati ule elimu ya dini ilikuwa ya darasani na msikitini, tena vitabu vingi vilikuwa vya Kiarabu. Asiyejua Kiarabu alibaki kusubiri kuambiwa. Sheikh Al-Amin alikuwa akisoma maandishi ya wanachuoni wa Misri kama Muhammad Abduh na Rashid Rida, akaona mwenye duka na mvuvi nao wanastahili kusoma mambo yao kwa lugha yao. Mwaka 1930 akaanza kutoa gazeti dogo, Sahifa. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu.

Hayakuwa magazeti ya kumfurahisha kila mtu. Aliwakosoa Waingereza waliotawala, kisha akawageukia wenzake: gharama za matanga na harusi zinazoacha nyumba na madeni, na uvivu wa kutafuta elimu. Alitaka wasichana nao wasome. Kuyaandika hayo katika mji mdogo, ambapo unayemkosoa utakutana naye msikitini Ijumaa, si jambo jepesi. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akashika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1947. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili aliiacha haijakamilika.

Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alifuata nyayo zake za kuandika kwa Kiswahili, naye akawa Kadhi Mkuu kuanzia 1963 hadi 1968.

Ali alikuwa na miaka 14 tu babake alipofariki. Mzee alikusudia kumpeleka Al-Azhar, Misri, awe sheikh. Haikuwa hivyo. Kijana alipata alama duni za mtihani, Makerere ikamkataa, akabaki Mombasa akifanya ukarani. Kilichomfungulia mlango ni hotuba ya Maulidi aliyoitoa mbele ya gavana Philip Mitchell. Akapata nafasi ya kusoma Uingereza, na baadaye akarudi Makerere ileile akiwa profesa. Mwaka 1986 alionekana kwenye televisheni akieleza kwamba Afrika imerithi mila zake, Uislamu na Umagharibi. Babake alikuwa ameshughulika na hayo hayo matatu katika kurasa za Al-Islah.

Profesa alifariki Marekani mwaka 2014. Aliletwa Mombasa, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wao, karibu na Fort Jesus.