MAISHA YA MUHAMMAD BIN MUSA AL-KHWARIZMI, MWENYE KITABU CHA AL-JABR

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, Mwenye kuijua idadi ya kila kitu, na kumsalia Mtume wake Muhammad pamoja na jamaa zake na sahaba zake, hizi ni khabari za mtu mmoja katika maulamaa wa Kiislamu ambaye jina lake hutajwa kila siku katika skuli za ulimwengu mzima, na wengi walitajao hawajui kuwa wamtaja yeye.

Jina lake ni Muhammad bin Musa, na kuniya yake ni Abu Abdillahi. Huitwa Al-Khwarizmi kwa kunasibishwa na Khwarizm, nchi iliyoko upande wa kusini wa bahari ya Aral, pale mto Jeihun umwagapo maji yake. Alizaliwa kiasi cha mwaka 780 wa Miladi, katika zama za Bani Abbas. Katika watu wa tarikhi wako walioitaja nasaba yake kuwa ya Majusi. Lakini dibaji ya kitabu chake, iliyojaa himdi na sala juu ya Mtume, ni shahidi tosha ya Uislamu wake. Wala hapana aibu kwa mtu ambaye babu zake waliabudu moto, naye Mwenyezi Mungu akamwongoza katika nuru.

Makamu yake yalikuwa Baghdad. Mji huo wakati ule ulikuwa ndio kitovu cha dunia kwa biashara na elimu, na Khalifa alikuwa Al-Maamun, mwana wa Harun Ar-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 813 hata mwaka 833. Khalifa huyu alipenda elimu kama wengine wapendavyo farasi na vito. Katika Beit al-Hikma walikusanyika watu wa kila jinsi, Waarabu na Waajemi, Waislamu na Manasara na wengineo, wakifasiri vitabu vya Wayunani na vya Wahindi kwa lugha ya Kiarabu. Miongoni mwao alikuwamo Al-Khwarizmi, naye kazi yake ilikuwa hesabu na elimu ya nyota.

Katika kitabu chake mashuhuri ameeleza kuwa Al-Maamun ndiye aliyemtia hima ya kukitunga, kwa vile Khalifa alivyowakunjulia watu wa elimu uso wa furaha. Akataja na makusudio yake: kuwa ni kitabu kifupi, chenye yale mepesi na yenye manufaa zaidi katika mambo ambayo watu hawana budi nayo, nayo ni mirathi na wasia, kugawana mali, madai mbele ya kadhi, biashara, kupima mashamba, na kuchimba mifereji ya maji. Basi na afahamu msomaji kuwa elimu hii, iwatiayo hofu vijana wengi wa leo, haikutungwa ili kuwasumbua watoto. Ilitungwa ili kila mwenye haki apate haki yake.

Jina la kitabu hicho lina maneno mawili, al-jabr na al-muqabala. Jabr ni kukirudisha kitu kilichopunguka kikawa kizima, kama aliyevunjika mfupa aungwavyo. Ndiyo sababu nchi ya Spania, baada ya kukaa na Waislamu karne nyingi, mwunga mifupa alikuwa akiitwa kwa jina lililotokana na neno hili hili. Muqabala ni kuvikabilisha vitu viwili vya jinsi moja vilivyo pande mbili za hesabu, kikatolewa kidogo katika kikubwa, ikabaki tofauti yao. Na kile kitu kisichojulikana, ambacho leo hutiwa herufi moja, yeye alikiita shay, yaani kitu, au jidhr, yaani mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa nafsi yake alipata mali. Hakutumia alama hata moja; masuala yake yote ameyaeleza kwa maneno, hata hesabu zenyewe ameziandika kwa maneno. Akayagawa masuala hayo mafungu sita, na kila fungu akalitolea njia yake.

Suala lake lijulikanalo zaidi ni hili. Iko mali ambayo ikiongezwa mizizi yake kumi hupatikana dirhamu 39. Mali hiyo ni ngapi? Njia aliyoifundisha ni kuchukua nusu ya ile mizizi, nayo ni 5. Ukaizidisha kwa nafsi yake, zikawa 25. Ukazitia juu ya 39, zikawa 64. Ukatafuta mzizi wa 64, nao ni 8. Kisha ukaondoa zile 5, zikabaki 3. Basi mzizi ni 3 na mali ni 9, na 9 pamoja na 30 ni 39. Lakini hakuridhika na kuamrisha tu, fanya hivi na fanya vile. Alichora mraba ambao ubavu wake haujulikani, akautia katika kila ubavu ukanda wenye upana wa mbili na nusu, na kanda hizo nne ndizo ile mizizi kumi. Zikabaki pembe nne zilizo wazi, kila pembe ni sita na robo, na jumla yake ni 25. Pembe hizo zikijazwa, mraba mkubwa watimia 64, na ubavu wake ni 8. Ukiondoa zile mbili na nusu za kila upande, hubaki 3. Hivyo mwanafunzi haamini kwa sababu mwalimu amesema, bali kwa sababu amekwisha kuona kwa jicho lake.

Suala jingine lake ni la kumi iliyogawanywa mafungu mawili, kila fungu likazidishwa kwa nafsi yake, na majumlisho yakawa 58. Tuseme fungu moja ni kitu; basi la pili ni kumi kasoro kitu. Yakizidishwa na kujumlishwa, hupatikana 100 na mali mbili kasoro vitu ishirini, sawa na 58. Hapa ndipo ilipo kazi ya jabr: vile vitu ishirini vilivyopunguka hurudishwa, na mfano wake ukatiwa upande wa pili. Hapo 100 na mali mbili ni sawa na 58 na vitu ishirini. Hutwaliwa nusu ya kila kitu, ikawa 50 na mali moja sawa na 29 na vitu kumi. Kisha ni muqabala: 29 hutolewa pande zote mbili, ikabaki 21 na mali moja sawa na vitu kumi. Nusu ya kumi ni 5. Kwa nafsi yake ni 25. Ondoa 21, zabaki 4. Mzizi wake ni 2. Ukizitoa katika 5 wapata 3, na ukizitia wapata 7, na yote mawili ni sahihi, kwani 9 na 49 ni 58. Akabainisha tena kuwa katika fungu hili, kama ile nusu iliyozidishwa kwa nafsi yake ikiwa ndogo kuliko idadi, basi suala halina jawabu. Na kujua kuwa jambo halina jawabu pia ni elimu.

Sehemu ya mwisho ya kitabu, nayo ni kubwa, ni ya wasia na mirathi. Kila Muislamu ajua kuwa Mwenyezi Mungu ameyabainisha mafungu ya warithi katika Sura ya An-Nisaa, na kuwa wasia kwa asiyekuwa mrithi haupiti thuluthi ya mali. Sheria iko wazi. Lakini kuitimiza kwataka hesabu. Katika masuala aliyoyaweka ni la mwanamke aliyekufa akaacha mume, mtoto mmoja mwanamume na mabinti watatu, naye amemwusia mtu baki thumuni ya mali yake na sehemu moja katika saba.

Mtu na alikadirie suala hili kwa mfano wa Mkula, kijiji kilichoko chini ya milima ya Udzungwa katika bonde la Kilombero, upande wa Ifakara, ambako maji ya mlimani huingizwa katika mifereji na watu hulima mpunga. Na achukulie kuwa mwanamke huyo, baada ya kulipwa gharama za maziko na madeni yake, ameacha pishi 1120 za mpunga. Hiyo 1120 ndiyo idadi ndogo kuliko zote igawanyikayo katika suala hili pasipo kuvunja pishi. Thumuni yake ni 140 na sehemu moja katika saba ni 160. Basi mtu baki apata 300, nazo hazikufika thuluthi. Zabaki 820. Mume apata robo yake, 205, kwa kuwa mkewe ameacha watoto. Zabaki 615, hugawanywa mafungu matano ya pishi 123: mtoto mwanamume mafungu mawili, 246, na kila binti fungu moja, 123. Jumla yao yatimia kama ilivyokuwa, haikuzidi wala haikupunguka.

Sasa na atazame mwenye akili. Kama mgawaji asiyejua hesabu angempa mume robo ya mali yote kabla ya kuutoa wasia, mume angechukua 280, na watoto wangebakiwa na 540. Kila binti angepata 108 badala ya 123. Pishi kumi na tano zimempotea yatima, na kaka yake zimempotea thelathini, wala hapana mwizi aliyeingia ghalani. Hapana aliyeapa uwongo wala aliyekusudia ubaya. Ujinga peke yake umefanya dhuluma. Na wangapi katika pwani na bara wamekula haki za mayatima kwa njia hii, wakasimama katika safu ya mbele msikitini, nao hawana khabari na walilolifanya!

Hayo ndiyo ya kuogopwa, na kwa ajili yake yafaa mtu ajizoeze kwa masuala magumu, moja baada ya jingine, kwa kuwa mtu azoeaye suala gumu akiwa starehe hatababaika siku warithi wakaapo mbele yake wakigombana.

Alitunga na vitabu vingine. Aliandika juu ya hesabu ya Wahindi kwa tarakimu tisa na sifuri, naye hakudai kuwa ameibuni, bali aliinasibisha na wenyewe. Alitengeneza jedwali za mwendo wa jua, mwezi na sayari. Aliandika kitabu cha sura ya ardhi chenye miji, milima, bahari na mito 2402 kwa vipimo vyake. Akaisahihisha bahari ya Kati ambayo Batlimusi aliirefusha kupita kiasi, na Bahari ya Hindi, ambayo Batlimusi aliidhani imezungukwa na nchi kavu, yeye aliionyesha kuwa ni bahari iliyo wazi. Watu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, ambao baba zao walisafiri kwa pepo za bahari hiyo, hawahitaji dalili ya jambo hili.

Alifariki kiasi cha mwaka 850, Mwenyezi Mungu amrehemu. Elimu yake haikufa naye. Abu Kamil wa Misri aliiendeleza, na Omar Khayyam, aliyekufa mwaka 1131, akayaingilia masuala ya daraja ya tatu. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu cha al-jabr kwa Kilatini katika mji wa Segovia, na Gerard wa Cremona naye akakifasiri. Wazungu wakalitamka jina lake Algoritmi, na kutoka hapo likapatikana neno algoriti, ambalo leo ni jina la kila mpango wa hatua ufuatwao na mashine za kompyuta. Nakala moja ya Kiarabu ya kitabu hicho, iliyonakiliwa mwaka 1342, imo Oxford, na kwa nakala hiyo Frederic Rosen alikipiga chapa London mwaka 1831.

Tangu mwaka 1959, yalipoanza katika nchi ya Romania, yako mashindano ya mataifa ya hesabu kwa vijana wa skuli za sekondari. Kila kijana hupewa masuala sita kwa siku mbili, na kila siku saa nne na nusu kwa masuala matatu. Humo imo al-jabr, jina lake halikubadilika. Mtoto wa Mkula au wa Bagamoyo aliogopaye suala la namna hii na aambiwe kuwa hili si jambo geni lililoletwa kutoka mbali. Ni mali ya nyumbani kwake iliyosafiri ikarudi. Lakini na mzazi naye asijisifu kwa jina la Al-Khwarizmi hali mwanawe hajui robo na thumuni. Fahari ya waliokufa haimgawii yatima haki yake. Huigawa hesabu iliyo sahihi mkononi mwa mtu mwaminifu.

Mwenyezi Mungu amlaze pema mwenye kitabu hiki, awape Waislamu elimu yenye manufaa, na awalinde na dhuluma ya makusudi na dhuluma ya ujinga. Amin.