Ethel Bedford Fenwick, Mama wa Daftari la Manesi

Ndugu zangu, mkimwona nesi wa Uingereza ana namba yake ya usajili, mkumbukeni mama huyu. Alizaliwa Scotland mwaka 1857. Akiwa na miaka 24 tu (umri ambao wengi wetu bado tunahangaika na digrii ya kwanza!) alishakuwa mkuu wa wauguzi hospitali ya St Bartholomew's, London. Mwaka 1887 akaolewa na daktari, akaacha kazi, akaanza vita: serikali iwe na daftari la wauguzi waliosomea, maana zama hizo yeyote aliweza kujiita nesi. Hata Florence Nightingale alimpinga, akiona tabia njema haipimwi kwa mtihani. Ikapita miaka 32 hadi sheria ya 1919. Daftari lilipofunguliwa 1921, nesi namba moja alikuwa yeye. Alifariki 1947.