Luambo Makiadi: Gitaa Mbele ya Enzi

Wako watu ambao majina yao yamo vinywani mwa wote, lakini maisha yao hayajulikani ila kwa wachache. Mmoja wao ni François Luambo Makiadi, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Franco. Katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki santuri zake zilipigwa majumbani na katika kumbi za dansi, na watu wasiojua hata neno moja la Kilingala wakazicheza mpaka usiku wa manane. Ni haki basi, ndugu msomaji, tumtazame mtu huyu kwa makini. Hatukusudii kumsifu tu, wala kumlaumu tu. Maana maisha yake yanafunua jambo linalomhusu kila msanii na kila dola, nalo ni mapatano yanayofanywa kati ya mwenye sauti na mwenye nguvu.

Luambo alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, katika sehemu ya magharibi ya Kongo, wakati nchi hiyo ilipokuwa ingali mikononi mwa Wabelgiji. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na mama yake akiuza maandazi. Wakahamia Leopoldville, mji ambao leo huitwa Kinshasa. Kijana hajatimiza miaka kumi na miwili baba akafariki dunia, na mzigo wote wa nyumba ukamwelemea mama. Elimu ya shule ikakomea njiani. Lakini penye kibanda cha maandazi, katika soko la Ngiri-Ngiri, mtoto huyo alikuwa na chuo chake mwenyewe: gitaa alilojiundia kwa bati na nyuzi za waya wa umeme, ambalo alilipiga ili wapita njia wasimame na kununua. Baadaye Paul Ebengo, aliyejulikana kwa jina la Dewayon, alimfundisha kupiga gitaa la kweli.

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 15 tu, aliingia katika studio ya Loningisa, mali ya tajiri wa Kigiriki. Hapo ndipo alipopewa jina la Franco. Tarehe 6 Juni 1956 yeye na wenzake wakaunda bendi ya OK Jazz, nayo ikapata herufi hizo kutokana na baa ya Oscar Kashama ambamo walikuwa wakipiga. Ukuu wa bendi hakuupata siku hiyo, kwani walikuwapo waliomtangulia. Mwaka 1958 alitiwa gerezani kwa makosa ya barabarani, akatoka na kukuta mashabiki wake wamezidi. Mwaka 1960 mwimbaji Vicky Longomba alifuatana na Joseph Kabasele mpaka Brussels, ambako viongozi wa Kongo walikuwa wakijadili uhuru, na Kabasele akatoa wimbo wa uhuru uliovuma Afrika nzima. Franco alibaki nyumbani. Katika miaka iliyofuata OK Jazz ikawa yake.

Basi ni kitu gani kilichomtenga na wengine? Kabasele na kundi lake la African Jazz walipendelea muziki laini, uliopambwa kwa ustadi wa mjini. Franco aliuchota muziki wake katika ngoma za wazee. Aliziponyoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, sauti mbili kwa pamoja, akarudia kifungu kifupi cha sauti tena na tena, mpaka miguu ya mchezaji ikawa haina hiari. Sehemu hiyo Wakongo huiita sebene, na ndiyo inayofuata baada ya maneno kwisha. Santuri ndogo za zamani zilibeba dakika chache tu kila upande, hata ikabidi wimbo ukatwe vipande viwili. Zilipokuja santuri kubwa, Franco aliunyoosha wimbo ukapita dakika kumi, akawa kama mzee wa baraza anayesimulia kisa asichotaka kukikatiza.

Na visa vyake vilikuwa vya watu wa kawaida: mke aliyeachwa, mume mlevi, ndugu wanaogombania mali, fedha zisizotosha. Wimbo wake wa Mario, uliotoka mwaka 1985, wasimulia habari za kijana msomi anayekaa kitako na kulishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Kila mtaa ulimjua Mario wake. Tena Franco hakujinyima wenzi hodari. Simaro Lutumba, Sam Mangwana, Madilu na wengine wengi walipita katika bendi hiyo, na baadhi ya tungo zake bora zilitoka katika vichwa vyao.

Sasa tuingie katika jambo lililo zito. Novemba 1965 Jenerali Mobutu alitwaa serikali. Mwezi wa Juni 1966 akawanyonga hadharani, mbele ya umati mkubwa, watu wanne waliokuwa mawaziri zamani. Baada ya hapo Franco alitoa wimbo wa asili ya Kikongo juu ya mchawi anayewala jamaa zake mwenyewe. Hakutaja jina la mtu, lakini kila aliyesikia alielewa. Wimbo ukapigwa marufuku, naye akakamatwa. Alipoachiliwa akavuka mto kwenda Brazzaville, akakaa huko mpaka hasira zilipopoa.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Serikali ilipoanza kuhubiri urejeo wa mambo ya asili, bendi yake ilizunguka nchi ikiimba mahubiri hayo. Naye alitunzwa. Alijenga klabu kubwa mjini Kinshasa, akakabidhiwa kiwanda cha santuri kilichokuwa cha wageni, akawa kiongozi wa chama cha wanamuziki. Mwaka 1984 alitoa wimbo mrefu wa kuwahimiza wananchi wamchague Mobutu, katika uchaguzi ambao hakuwamo mgombea mwingine. Hata hivyo enzi haikumwachia ajione salama. Mwaka 1978 alifungwa pamoja na wenzake kwa ajili ya nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi. Mkono ule ule uliompa kiwanda ndio uliomfungia mlango wa gereza.

Tumhukumuje? Wako wanaosema kwamba aliuza ulimi wake, na hawasemi uongo mtupu. Lakini wakumbuke kwamba bendi ile ilikuwa na makumi ya watu, na kila mmoja wao ana watoto, katika nchi ambamo neno moja liliweza kukigharimu kichwa. Wala asisahauliwe Franco wa mwaka 1966, aliyethubutu kusema mapema, wakati wengine walipokuwa wamenyamaza. Kosa lake si kwamba aliogopa, kwa maana kuogopa si dhambi. Kosa ni kwamba alipokwisha kuogopa hakunyamaza, bali alisifu.

Mwaka 1987, alipokuwa mwenye umri wa miaka 49, alitoa wimbo wa kuwaonya watu juu ya ugonjwa wa UKIMWI, akisema kwa Kifaransa na Kilingala ili asiwepo wa kusingizia kutoelewa. Hapo alirudia kazi yake ya kweli, yaani kumwambia mwananchi jambo linaloumiza lakini linaloponya. Mwili wake ukaanza kudhoofika, na tarehe 12 Oktoba 1989 akafariki huko Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Maiti yake ilirudishwa Kinshasa, yakatangazwa maombolezo ya siku nne, na redio ya taifa ikapiga nyimbo zake. Bendi aliyoishika kwa zaidi ya miaka thelathini haikumaliza hata miaka mitano bila yeye.

Mobutu naye alifukuzwa mwaka 1997, akafia ugenini. Wimbo ule wa uchaguzi hauchezwi tena na mtu; umekufa pamoja na shughuli yake. Mario angali hai, na yule mchawi wa mwaka 1966 angali anaeleweka. Msanii atakayetaka kujua ni wimbo upi wa kuandika kesho, na ayatazame makaburi hayo mawili.