Du Fay na kipande cha sandarusi
Wenzangu, baridi ikianza huku, ukivua sweta utasikia ta-ta-ta na nywele zinasimama. Aliyetufungulia mlango wa jambo hili ni Charles du Fay, aliyezaliwa Paris mwaka 1698, akaanza na uanajeshi, akaishia kwenye sayansi. Mwaka 1733 alisugua mrija wa kioo. Karatasi nyembamba ya dhahabu ilipougusa ikarushwa mbali. Akaisogezea sandarusi iliyosuguliwa, akitegemea nayo itaifukuza. Wapi! Dhahabu ikaifuata. Kumbe umeme ni wa aina mbili! Leo tunajua vitu viwili vikigusana na kuachana, kimoja huweza kubaki na elektroni za mwenzake. Ndui ilimuua mwaka 1739, ana miaka 40 tu. Mimi injinia namheshimu kwa hili: jaribio lilipompinga, aliacha alichodhani, akaandika alichokiona.