Daktari Aliyehesabu Siku kwa Kurudi Nyuma

Mtoto anapochelewa, lawama humwangukia mke, hata kama tatizo liko kwa mume. Baba, kabla ya kumwita mkeo tasa, fahamu habari za daktari Mjapani, Kyusaku Ogino.

Alizaliwa mwaka 1882, akawa daktari wa wanawake mjini Niigata. Alipowapasua wagonjwa alitazama vifuko vyao vya mayai, kisha akalinganisha alichokiona na tarehe zao za hedhi. Kazi ya uvumilivu kweli! Mwaka 1924 alitangaza kwamba yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hiyo mama mwenye mzunguko wa siku 35 akitegemea siku ya 14, amewahi mno. Yai lake kwa kawaida hutoka siku ya 20 au baadaye.

Wengi wetu tulifundishwa kalenda ya Ogino ili kupanga uzazi. Mwenyewe hakupenda itumiwe hivyo, maana siku hubadilika na mimba huingia. Alitaka iwasaidie wanaotafuta mtoto. Alifariki mwaka 1975, akiwa na miaka 92.