Richard Zsigmondy na filtri ya mikrobi



Wengi wetu tunafikiri maji yakiwa meupe, basi ni safi. Leo tuangalie maisha ya mtu mmoja aliyetumika miaka mingi juu ya vitu ambavyo macho hayawezi kuona.

Richard Zsigmondy alizaliwa Vienna, katika inchi ya Austria, tarehe 1 Aprili 1865. Baba yake, daktari wa meno, alikufa mwaka wa 1880. Mwaka wa 1885 kaka yake Emil naye alikufa akipanda milima ya Ufaransa. Hata vile, Richard hakuacha masomo ya kemia.

Kisha alitumika Jena, Ujerumani, katika kiwanda cha vioo cha Schott. Kuna kioo chekundu chenye dhahabu ndani, lakini dhahabu yenyewe haionekani. Juu ya nini? Mwaka wa 1903, yeye na Henry Siedentopf walionyesha ultramikroskopi. Mwanga unapitishwa upande, na chembe zinang'aa, sawasawa na vumbi kwenye mshale wa jua ndani ya nyumba yenye giza.

Baadaye akawa profesa kule Göttingen. Wakati wa vita ya 1914–1918, yeye na Wilhelm Bachmann walitengeneza filtri ya utando mwembamba sana wa selulozi, yenye matundu madogo kabisa. Alipewa zawadi ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1925, akafa 1929.

Ile filtri inatumika namna gani? Unaiweka chini ya faneli, unamwanga mililita 100 za maji, pampu inayavuta. Matundu hayafiki nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, basi mikrobi zinabaki juu. Unalaza filtri juu ya chakula cha mikrobi, mahali pa joto, siku moja. Mikrobi yenye uzima inayoweza kukua pale inazaa mpaka linatokea doa, nawe unahesabu madoa kwa macho. Lakini virusi na sumu iliyoyeyuka vinapita.

Kisha vita ya 1939–1945, mabomu yalikuwa yamevunja mifereji ya maji ya miji ya Ujerumani, na filtri hiyo ilisaidia kupima maji ya kunywa. Mwenyewe hakuyaona hayo.

Basi ndugu, tukichota maji meupe, tusiyaite safi juu ya macho tu.